SOMO: VITAA VYA MASHINE ZA SIMU, NAMNA YA KUVISOMA



Katika namba hii sisi makapita wa shule, pamoja na wenzetu finalisti wa Hesabu na Fizika, njo tumepewa kurasa za somo. Tulitaka kuandika juu ya sheria ya Ohm. Mwalimu wetu wa fizika alikataa, akasema hiyo munayo tayari katika makaye yenu, tena wengi wenu mumeinakili vibaya. Akatuambia: "Andikeni jambo mulilolikosea ninyi wenyewe." Kwa hiyo tutaandika juu ya vitaa, ni kusema zile taa ndogo ndogo zinazowaka mbele ya mashine za simu. Tulivisoma vibaya, na mzee mmoja karibu apigwe mawe sababu yetu.

Tuanze na habari yenyewe, kiisha tutaingia katika somo.

Ilikuwa muhula wa pili, wakati wa mvua. Siku ya Jumanne jioni rezo ilipotea. Munajua hali inavyokuwa kwetu rezo ikipotea. Mzazi wa Kabambare hawezi kutuma feza ya masomo, maana siku hizi feza nyingi inapita kwa M-Pesa ao Airtel Money, haipiti tena mfukoni mwa mtu. Mwenye kuuza mchele hajui bei ya Kindu. Na kwa jamaa zetu wa upande wa Wamaza na Salamabila, ambako watu wamekimbia vijiji vyao zaidi ya mara moja kwa ajili ya watu wenye silaha, simu ikinyamaza moyo unapanda: hujui kama ni mashine imechoka ao ni vita imefika. Wakati ule mmoja wetu wa mwaka wa mwisho alikuwa na mama yake hospitalini, anangojea kupasuliwa, na kaka yake alikuwa amesema atatuma feza kutoka Goma. Feza haikufika Jumatano. Haikufika Alhamisi.

Alhamisi usiku tulikuwa kama kumi na tano, tukaenda mpaka kwa mnara. Ni mbali kidogo na shule, na hatukuomba ruhusa. (Baba Prefe anajua, tuliisha kupata azabu yetu.) Tulipofika, mmoja alitazama juu akasema: "Muone, taa nyekundu ya juu imezimika!" Kweli, juu kulikuwa giza tupu. Hapo akili zetu zikakimbia mbio kuliko miguu. Taa imezimika, ni kusema kuraa haiko. Kuraa haiko, ni kusema mazuti imeisha. Mazuti imeisha, ni kusema mlinzi ameiuza. Hatua tatu tu, na kwa ile ya tatu tulikuwa tumekwisha kumfanya mzee wa watu kuwa mwizi. Vijana wa mtaa walisikia makelele yetu, wakaongezeka. Mtu akatupa jiwe, likapiga lango la mabati. Mzee alibaki ndani anasema tu: "Watoto wangu, mungojee fundi." Mchungaji wa mtaa njo alikuja na tochi, akasimama langoni, akatumulika usoni mmoja mmoja na kutuuliza kwa jina: Wewe umemwona akiuza? Na wewe? Na wewe? Hakuna aliyemwona.

Fundi alifika Jumamosi kwa pikipiki, tope mpaka kiunoni. Mwalimu wetu alimwomba awaruhusu wanafunzi wawili kusimama karibu naye wakati wa kufungua sanduku la mashine. Alikubali kwa sharti moja: mikono nyuma. Mambo tunayoandika hapa mengine tuliyaona siku ile, mengine tuliyasoma nyuma katika kitabu cha mashine.

Neno la kwanza alilotuambia tuliliandika kwa herufi kubwa: KITAA KINAJIBU SWALI MOJA TU. Mtengenezaji wa mashine alikichagulia swali lake kule kiwandani. Wewe ukikiuliza swali lingine, kitakujibu lile lake, na utadhani umejibiwa lako.

Tutazame basi ile taa ya juu ya mnara, sababu njo iliyotudanganya. Ile haiko ya simu hata kidogo. Iko ya ndege. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, limeweka kanuni kwamba vitu virefu vinavyoweza kuhatarisha ndege viwekewe alama mchana na taa usiku. Kwa minara ya simu mara nyingi ni taa nyekundu: nyingine inawaka bila kukatika, nyingine inapepesa kati ya mara 20 na mara 60 kwa dakika. Mara nyingi kuna kijicho kinachopima mwanga wa jua, njo kinaiwasha magaribi na kuizima asubuhi. Swali lake ni hili: "Wewe rubani, unaniona?" Basi. Nyekundu yake haisemi kuna hatari katika rezo, kama watu wengi wa mtaa wanavyofikiri, na kuzimika kwake hakusemi rezo imekufa. Rezo inaweza kufa na taa ile ikawaka vizuri sana mpaka asubuhi.

Ya kwetu ilikuwa imekufa peke yake, na kifo chake hakikuwa na uhusiano na rezo. Mzee ana kaye yake ya ulinzi. Alitufungulia ukurasa: siku 11 mbele ya rezo kupotea alikuwa ameandika kwa biki ya bluu, "taa ya juu haiwaki", na saa aliyoiona. Siku 11! Sisi tunapita njia ile kila Jumapili tukienda ibadani, na hakuna aliyeinua macho. Tuliiona usiku tuliokuwa tunatafuta mtu wa kulaumu.

Ndani ya sanduku fundi hakuanza na mambo ya simu. Alianza na kuraa. Mashine za simu zinakula kuraa ya volti 48 inayokwenda upande mmoja, haiko ile ya volti 220 ya nyumbani inayokwenda na kurudi. Ajabu ni kwamba waya wa chanya njo unaofungwa na ardhi, kwa hiyo kwenye mashine wanaandika −48. Ni desturi iliyobaki tangu wakati wa simu za waya, ili waya zilizolala udongoni zisiliwe upesi. Kuraa ya jenereta inapita katika kigeuzi, kigeuzi kinaishusha na kuinyoosha, kiisha inalisha mashine na kujaza betri. Seli za volti 2 zinapangwa 24 mstari mmoja: mbili mara 24, munapata 48. Zikishuka mpaka karibu na volti 43, mashine zinakatwa zenyewe ili betri zisiharibike. Pahali penye paneli, jua njo linajaza betri, na wakati wa mawingu mengi hesabu inakuwa ngumu. Mabikira wapumbavu wa Injili waliishiwa mafuta. Betri zinaishiwa jua.

Kila kigeuzi kina vitaa vitatu. Vile tulivyoviona vilikuwa vya Huawei, mashine ambazo ni nyingi sana katika Afrika. Cha kijani kinasema kuraa inaingia na kazi inakwenda. Cha manjano kinasema mashine imejikinga: pengine kuraa ya jenereta imepanda ao imeshuka kupita kiasi, pengine joto limezidi. Chekundu kinasema kigeuzi chenyewe kimeharibika, hakitoi kitu. Muone tofauti ya manjano na nyekundu, maana wengi wanaipuuza. Manjano mara nyingi inasema: sababu iko nje yangu, ikiisha nitarudi kazini. Nyekundu inasema: mimi mwenyewe ni mgonjwa. Ukiondoa kigeuzi na kukitupa sababu ya manjano, umemzika mtu aliyelala usingizi.

Siku ile vyote vilikuwa kijani. Betri zilikuwa na volti 51. Fundi akatia fimbo katika tanki la mazuti, akaitoa imelowa zaidi ya nusu, akaielekeza kwetu bila kusema neno. Mzee alikuwa amesimama nyuma yetu, naye anaangalia.

Kisha tukafika kwa ubongo wa kituo, ile kadi kubwa inayoongoza zingine. Ina vitaa vitatu vyenye majina: RUN, ALM na ACT. Hapa tutakaa kidogo, maana hapa njo macho ya mtu asiyefundishwa yanakosea zaidi.

RUN ni cha kijani. Kinajibu swali hili: "Programu yangu inatembea?" Kikiwaka sekunde moja na kuzimika sekunde moja, pole pole kama mtu anayepumua usingizini, kazi ni sawasawa. Kikipepesa mbio, mara nne katika sekunde moja, mashine inaamka, inapakia programu yake ao haijapewa mipango: mungojee. Kikizimika kabisa, kuraa haifiki ao kadi imeharibika. Na sasa musikilize vizuri: kikiwaka bila kupepesa hata kidogo, kijani kizuri kilichotulia, ni vibaya! Kuraa iko, lakini kadi ina kasoro. Fundi alikuwa ametuuliza mbele ya kutueleza, na sisi wote wawili tulijibu kwamba kijani kilichotulia njo kizuri zaidi. Alicheka sana. Akasema: "Mukiona mgonjwa amefungua macho, hapepesi hata mara moja, mutasema amepona?"

ALM ni chekundu, nacho kinakwenda kinyume: kikizimika njo vizuri. Kikipepesa pole pole, sekunde kwa sekunde, kuna kasoro lakini chanzo chake pengine ni kadi ya jirani ao tundu fulani, kwa hiyo utafute kwanza mbele ya kugusa. Kikiwaka bila kukatika, kadi yenyewe ibadilishwe. Na ACT ni cha kijani, kinasema kadi hii njo iliyo kazini, haiko ile ya akiba.

Munaona basi kwamba rangi peke yake haitoshi. Kijani kinaweza kuwa habari mbaya, na giza linaweza kuwa habari njema. Lazima muwe na mambo matatu: jina la kitaa, rangi yake, na mwendo wake. Juu ya mwendo, musiamini macho, muhesabu. Museme pole pole "Kasongo moja, Kasongo mbili, Kasongo tatu": kila moja inachukua karibu sekunde moja. Kitaa cha pole pole kitawaka mara 30 kwa dakika. Kile cha mbio hamutaweza kukihesabu, na kushindwa huko kwenyewe ni jibu. Tena kuna watu, wanaume hasa, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani, tangu kuzaliwa. Katika darasa letu tulipopima kwa kalamu za rangi, mwenzetu mmoja alijikuta ni wa namna ile, na alikuwa hajajua miaka yote 18. Mutu kama yule anaweza kusoma vitaa vizuri kwa jina, pahali na mwendo. Mashine ya kuchapia gazeti letu nayo haijui rangi, njo maana tunaandika "nyekundu" pahali pa kuichora.

Angalisho dogo: maneno haya ni ya mashine tulizoziona. Kila kampuni ina desturi yake. Mashine za Ericsson, kwa mfano, zina hata kitaa cha bluu kinachohusu kazi ya matengenezo. Fundi mzuri anafungua kitabu cha mashine hata kama amefanya kazi miaka mingi.

Turudi kwa sanduku letu. RUN tulihesabu 30 kwa dakika. ALM giza. Hatua zetu tatu za Alhamisi usiku zilikuwa zimeanguka zote, lakini rezo haikuwako bado. Kwa nini?

Kituo cha simu peke yake ni kama mtu anayesema porini. Ukipiga simu kutoka Kasongo kwenda Kabambare, sauti yako haiendi moja kwa moja: inapanda kwa mnara wako, inapelekwa mpaka kwa mashine kubwa za kampuni ambazo pengine ziko mbali sana, kiisha inarudishwa kwa mnara wa mwenzako. Njia ile ya kufika kwa mashine kubwa inaweza kuwa waya wa kioo, ao satelaiti, ao zile sahani za duara munazoziona zimefungwa mnarani. Sahani zinatazamana kutoka mnara mpaka mnara, mara nyingi kwa kilomita makumi, na lazima zionane bila kilima wala miti mirefu katikati. Kwa hiyo ni mnyororo. Pete moja ikikatika, minara yote iliyo mbele yake inanyamaza, hata kama kila mmoja ni mzima. Na kituo kilichopoteza njia yake kwa wakubwa kinaacha kutangaza jina lake hewani. Njo sababu simu mkononi inaandika hakuna rezo, ijapokuwa mashine zinapumua.

Kati ya ubongo na mashine ya sahani kuna waya mfupi, haufiki meta moja. Kwenye tundu lake kuna kitaa kinachoitwa LINK. Kilikuwa kijani. Tulifurahi tukasema, "Kiungo kiko!" Fundi akatuuliza: "Kiungo cha wapi na wapi?" Kitaa kile kilikuwa kinajibu juu ya waya wa meta moja. Hakikujua neno la kilomita zote zilizo nyuma yake. Kwenye mashine ya sahani kulikuwa na kitaa kingine, jina lake pia LINK, nacho kilikuwa chekundu: njia ya hewani imekatika. Majina mawili sawasawa, katika sanduku moja, na majibu yanapingana, na vyote viwili vilisema kweli! Kando yake kitaa cha ODU, ni kusema ile mashine iliyofungwa juu nyuma ya sahani, kilikuwa kijani: ya kwetu ni nzima.

Sasa muweke pamoja. Waya wetu mzima, mashine yetu nzima, hewani kimya. Yabaki mambo mawili: ao sahani imegeuzwa na upepo, ao mwenzetu wa upande mwingine hasemi. Fundi alipanda akaangalia sahani, alama za skurubu zilikuwa pahali pake. Jumapili asubuhi akaenda kwa mnara wa kilimani unaotazamana na wa kwetu. Kule alikuta betri zimeisha kabisa. Siku za mawingu zilikuwa nyingi, na majani yalikuwa yamepanda juu ya paneli. Jumapili saa kumi, wakati wa mazoezi ya kwaya, simu zikaanza kulia kila pahali pamoja, mpaka mwongozaji akakata tamaa.

Mama wa mwenzetu alipona. Feza yake ilikuwa imefika Jumamosi kwa mkono wa dereva wa pikipiki ambaye hatujui aliombwa na nani njiani.

Pahali ambapo minara haionani, kituo kinatumia satelaiti, na pengine ofisi ao hospitali pia. Satelaiti nyingi za kazi hii ziko juu ya ikweta, kwa kilomita karibu 35 786. Kupanda na kushuka kunachukua karibu robo ya sekunde, njo maana watu wanaozungumza kwa njia hii wanakatana maneno na kudhani mwenzao ana kiburi. Mashine yake ina vitaa vya kuraa, kupokea, kutuma na rezo, na munavisoma kwa mpangilio ule ule. Haiwezi kutuma mbele ya kupokea: lazima kwanza isikie satelaiti ili ijue zamu yake. Kwa hiyo kitaa cha kupokea kikizimika, usipoteze siku nzima unatafuta ugonjwa wa kutuma. Tazama sahani, tazama waya, tazama mawingu. Mvua kubwa ya kwetu inaweza kukizima kwa muda, kiisha kinarudi chenyewe.

Pengine mutasema zamani mambo yalikuwa rahisi. Hapana. Kati ya 1898 na 1901 Mmarekani Richard Dorsey Mohun, aliyekuwa mbele yake konsuli wa nchi yake kule Unguja, aliongoza msafara wa serikali ya Léopold wa kujenga waya wa telegrafu kuanzia ziwa Tanganyika. Waya wa namna ile hauna kitaa cha kukuonyesha pahali ulipokatika. Ukinyamaza, mtu anaufuata kwa miguu, nguzo kwa nguzo. Na hata simu ya mkononi haikuanza kwa wote: Telecel ilipoanza Kinshasa katika miaka ya 1980 ilikuwa ya wakubwa na matajiri, wakati sisi huku tulikuwa na fonie za misheni tu. Kufikiri upande gani umenyamaza ni kazi ya zamani. Vitaa vinaifupisha tu.

Tena kuna mambo ambayo kitaa hakitawaonyesha hata kimoja. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja nyuma ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika nchi yetu nzima kwa amri ya serikali, na ujumbe mfupi pia, mpaka karibu tarehe 20 Januari 2019. Amri ya namna ile haiharibu kadi wala haimalizi betri. Ungefungua sanduku ungeona RUN inapumua pole pole kama kawaida. Hakuna kitaa cha swali "wakubwa wamekataa?". Vilevile hakuna kitaa cha swali "nani mwizi?".

Juu ya jambo hili la mwisho hatukumaliza bado. Jumatatu tulikwenda kwa mzee, wote kumi na tano, na Baba Prefe mbele. Tuliomba msamaha. Alitutolea viti vitatu alivyo navyo, wengine wakasimama. Alisema amesamehe. Kisha akauliza kama tunaweza kumwandikia vizuri katika kaye yake majina ya vitaa, maana fundi akimpigia simu kutoka mbali humwuliza "RUN inafanya nini?", na yeye alikuwa akijibu tu "inawaka". Tulimchorea karatasi tatu, tukazifunika na plastiki. Tangu siku ile anaandika kila asubuhi na kila magaribi: jina, rangi, na hesabu ya dakika moja. Alituomba pia turudishe lango lake sawasawa pahali lilipobonyea. Tulijaribu na nyundo ya shule, lakini alama inaonekana.

Desturi yake moja tunawapa ninyi pia, kwa mashine yoyote hata ya paneli ya nyumbani: anaandika vitaa MBELE ya mtu kuzima na kuwasha. Watu wengi, rezo ikipotea, wanakimbilia kuzima mashine na kuiwasha. Pengine inapona. Lakini umefuta ushahidi wote, na ugonjwa ukirudi kesho utaanza tena bila kujua kitu.

Maswali. Majibu muyatie katika sanduku la gazeti mbele ya Ijumaa, na jina la darasa.

La kwanza: kituo kimoja RUN yake inapepesa mara 30 kwa dakika, ALM imezimika, kigeuzi kimoja kati ya viwili kina kitaa cha manjano, na rezo iko. Utamwambia fundi nini kwa simu, kwa maneno yasiyozidi kumi na tano?

La pili, kwa wa Hesabu: betri za ampea-saa 200 zinalisha mashine zinazokula ampea 20. Kwa hesabu ya karatasi zitachukua saa ngapi? Na kwa nini, pale mnarani, mashine zitakatwa mbele ya saa ile?

La tatu si la karatasi. Muombe ruhusa kwa sekretari, musimame mbele ya ile mashine ndogo ya intaneti ya ofisi, wawili wawili, mikono nyuma. Ina vitaa vitano. Muhesabu kila kimoja dakika nzima, na muandike swali ambalo munafikiri kinajibu. Cha nne kutoka kushoto sisi wenyewe tulikosea mara mbili.